Anza kwa kufumua: kutoka shati la mtumba hadi gauni lenye bitana

Mwanafunzi wa ushonaji akishaandikishwa tu chuo, anachotaka ni gauni. Mimi nasoma ubunifu wa mavazi na ushonaji katika chuo cha ufundi hapa Mtwara, na jioni nakaa na fundi wangu barazani kwake Chikongola, kwa hiyo nawaona wanaoanza wakija na kitenge kipya cha yadi 6 na picha ya mshono kwenye simu. Wote nawaambia hivyo hivyo: kitenge kiweke sandukuni kwanza. Nenda mtumbani, tafuta shati la kiume la mikono mirefu la bei ya mwisho, hata kola ikiwa imechakaa haidhuru, rudi nalo nyumbani na wembe mpya.

Gauni utalishona. Ila ukitaka kulishona ukijua kwa nini kila kipande kimekaa pale kilipo, panga kazi zako hivi: kila nguo ikuongezee jambo moja gumu au mawili, si zaidi, na usivuke kwenda nguo inayofuata mpaka ya sasa iwe safi ndani kama ilivyo nje. Fundi wangu nikimpelekea nguo haitazami mbele wala nyuma. Anasema, "Mwanangu, geuza nione ndani." Ukiweza kumgeuzia mtu nguo yako bila wasiwasi, umeshajua.

Shati la mtumba

Chagua la pamba lenye mistari. Mistari itakuonyesha uzi wa kitambaa umelala vipi katika kila kipande: mbele na mgongoni inashuka wima, kwenye kipande cha mabegani mara nyingi inakingama. Kabla hujashika wembe, piga picha shati zima, nje na ndani, hasa pale kola inapokutana na shingo na pale kafu, ule mkanda wa kwenye kifundo cha mkono, inapounganishwa na mkono wa shati.

Usiukwangue mshono. Upande mmoja kata uzi, ruka mishono mitatu minne, kata tena, nenda hivyo hadi mwisho. Kisha geuza upande wa pili, shika ncha ya uzi uvute. Utatoka mzima, kwa sababu cherehani hushona kwa nyuzi mbili, wa juu na wa chini uliozungushwa kwenye bobini, zinazoshikana katikati ya kitambaa. Ukishaukata mmoja vipande vipande, mwenzake hana pa kujishikiza. Kitambaa kinabaki bila tundu wala mchaniko.

Anza na kilichoshonwa mwisho. Upindo wa chini ndio unaotoka wa kwanza, zinafuata kafu. Halafu unakuja ule mshono mrefu unaoanzia kwenye upindo, unapanda ubavuni, unapita kwapani na kuteremka na mkono mpaka kwenye kafu, wote ni mshono mmoja. Baada ya hapo ondoa mikono mabegani, kisha kola, kisha mabega, na mwisho kabisa mfuko wa kifuani na ukanda wa vifungo. Kila kipande kinachotoka kiandike kwa penseli upande wa ndani: jina lake, juu ni wapi, na kimetoka cha ngapi.

Sasa zisome namba hizo kwa kurudi nyuma, kutoka ya mwisho hadi ya kwanza. Huo ndio mpangilio wa kushona shati. Tazama vizuri kola na mikono. Kola iliwekwa wakati mikono haijafika, na mikono ikaungwa wakati ubavu bado uko wazi na shati limetandazwa mezani kama shuka. Anayeanza hufanya kinyume: anafunga ubavu mapema kwa sababu ni mshono rahisi ulionyooka, halafu anapigana na mkono ndani ya tundu dogo la duara. Kila kinachoweza kushonwa nguo ikiwa imelala, kishone ikiwa imelala. Kuifunga iwe bomba ni kazi ya mwisho mwisho.

Piga pasi vipande vyote, vilaze juu ya karatasi ya kaki na uvichore. Linganisha tundu la mkono la mbele na la nyuma. La mbele limechimbwa zaidi, kwa kuwa mikono yetu hufanya kazi mbele ya mwili na kitambaa kikibaki pale kinajikunja. Pima mzingo wa tundu lote, kisha pima kilele cha mkono, yaani ule ukingo wa juu unaoungwa begani, futi ya kupimia ukiisimamisha kwa ubavu wake ili ifuate mviringo. Andika tofauti uliyoipata. Tutaihitaji kwenye blauzi.

Halafu lishone upya shati lilelile, kwa kufuata matundu yaleyale ya sindano. Hupimi, hukati, hupotezi hata inchi ya kitambaa kipya. Unajifunza kuunganisha peke yake, na kuunganisha ndiko kunakowashinda wengi, si kukata.

Mashine na chumvi ya bahari

Cherehani ya miguu, Butterfly au Singer ya zamani, inatosha, na kwa anayeanza naiona bora kuliko ya umeme. Kasi iko miguuni mwako, na kwenye kona unaweza kwenda mshono mmoja mmoja kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Sindano namba 14 ni ya kitenge na kanga, 11 ya shifoni na bitana nyepesi, 16 ya jinzi. Ukisikia kitambaa kinadundwa, au ukiona nyuzi zake zinavutika kando ya mshono, badilisha sindano kabla hujailaumu mashine.

Kurekebisha mkazo wa uzi fanya kwa rangi mbili: uzi mweupe juu, mweusi kwenye bobini, shona kwenye kitambaa chakavu. Weusi ukitokeza juu kama nukta, uzi wa juu umekazwa mno. Chini ukikuta vitanzi, uzi wa juu umelegea, au, na hili ndilo la kila siku, haukupita katikati ya visahani vya kukazia. Inua mguu wa mashine, maana ukiwa chini visahani vimebana, toa uzi wote na utunge upya. Urefu wa mshono wa kawaida uwe kama milimita 2.5, yaani mishono 10 hivi kwa inchi. Wa kuvutia marinda au wa kushikiza kwa muda peleka 4 au 5.

Sisi wa pwani tuna kazi moja ya ziada. Upepo wa Shangani na Mikindani una chumvi, na chumvi haina huruma na chuma. Pini ikiachwa kwenye kitambaa cheupe wakati wa unyevu inaacha doa la kutu ambalo halitoki kwa sabuni. Pini na sindano zikae ndani ya kopo lenye kifuniko na poda kidogo. Mashine ifunike kila ukimaliza, tia tone la mafuta ya cherehani kwenye shato, pale inapokaa bobini, kisha shona kwanza kwenye kitambaa chakavu mpaka mafuta yaliyozidi yaishe. Mafuta ya kula usiyatie hata siku moja. Yanaganda na mashine inakuwa nzito kama imefungwa.

Na nyumbani mkibangua korosho, usiguse kitambaa cheupe siku hiyo. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi na kuacha weusi, na kunawa mara moja hakuyamalizi.

Mkasi wa kitambaa usikate karatasi. Kwa kuchora, kipande cha sabuni ya kufulia kilichobaki chembamba kinatosha: kinatoa mstari mwembamba kuliko chaki na kinatoka kwa maji. Kwenye kitambaa cheupe tumia penseli.

Pasi ndiyo ninayotaka uipe uzito kuliko yote haya. Nusu ya sura ya nguo inatoka kwenye pasi. Kila mshono ukimaliza kuushona, upige pasi kabla haujavukwa na mshono mwingine: kwanza ukiwa umelala vilevile ulivyotoka kwenye mashine, ili nyuzi ziingie ndani ya kitambaa, kisha ufungue akiba, ile kingo ya kitambaa inayobaki nje ya mshono, kulia na kushoto upige tena. Inyanyue pasi na kuishusha. Ukiiburuta unanyoosha kitambaa na shingo ya mviringo inakuwa pana bila wewe kujua. Pasi ya mkaa ya vifuu vya nazi inafanya kazi nzuri sana, inakaa na moto mrefu. Ipulize majivu nje, mbali na nguo, na weka kitambaa chenye unyevu kati ya pasi na kazi yako.

Kabla ya mkasi, maji

Kitenge na kanga za pamba hurudi zikifuliwa. Zingine hurudi kidogo, zingine sana, na kwa macho huwezi kujua ukiwa dukani. Chora mraba wa inchi 10 kwa uzi wa rangi kwenye kona ya kitambaa, loweka kitambaa chote, anika kivulini, piga pasi, upime tena huo mraba. Ukikuta 10 kwa 9 na nusu, umeokoa gauni. Bibi yangu wa Newala, ambako maji ni mali, husema ndoo ya kulowekea kitenge ni ndoo ya wali. Namwelewa. Lakini hata yeye hakubali gauni linalompanda magotini baada ya kufuliwa mara ya kwanza.

Foronya, kwa ajili ya mshono ulionyooka

Hapa unajifunza mambo mawili: kwenda moja kwa moja, na kuficha akiba. Huna haja ya ovaloki, ile mashine ya kufunga kingo zisifumuke.

Weka vipande viwili ndani ikigusana na ndani, yaani uzuri, ule upande wa kuonekana, uko nje pande zote. Shona robo inchi kutoka ukingoni. Punguza akiba ibaki nusu yake. Geuza uzuri uingie ndani, piga pasi ili mshono ukae ukingoni kabisa, kisha shona tena kwa inchi 3/8. Akiba ya mshono wa kwanza imefungwa ndani ya wa pili, hakuna uzi unaochungulia. Jumla umekula inchi 5/8 kila upande, kwa hiyo wakati wa kukata ongeza kiasi hicho. Mto wa inchi 20 kwa 30 ukikatiwa kitambaa cha 20 kwa 30 hauingii.

Macho yasitazame sindano. Yatazame ukingo wa kitambaa dhidi ya alama uliyobandika kwenye sahani ya mashine, kipande cha plasta kinatosha. Sindano inajiendea yenyewe. Anayepinda ni ukingo.

Shona foronya mpaka ndani isitofautiane na nje. Nyumbani hazikosi kazi.

Sketi ya lastiki

Hii ipite haraka. Kitambaa mara moja na nusu hadi mbili ya hipsi, lastiki pungufu ya kiuno kwa inchi 2 hivi, njia ya lastiki ipindwe pana kuliko lastiki kwa robo inchi. Kilicho na faida humu ni kuvuta marinda: shona mistari miwili ya mishono mirefu, mmoja robo inchi kutoka ukingoni na mwingine nusu inchi, vuta nyuzi za bobini za mistari yote miwili kwa pamoja, gawanya kitambaa robo nne kabla ya kuvuta ili marinda yasirundikane upande mmoja. Mstari mmoja peke yake unaruhusu marinda kulala vibaya.

Sketi ya kubana, yenye dati na zipu

Hapa ndipo kitambaa bapa kinapoanza kushika mwili, na hapa usiwe na haraka. Dati ni ile pembe inayokunjwa na kushonwa kutoka kiunoni kwenda chini, ikipunguza kitambaa pale mwili ulipo mwembamba na kukiachia pale unapojaa.

Chukua mtu mwenye kiuno cha inchi 30 na hipsi 40. Nguo isiyo na nafasi haikaliki, kwa hiyo ongeza inchi 1 kiunoni na 2 kwenye hipsi: 31 na 42. Gawanya kwa nne. Robo ya kiuno ni inchi 7 na robo tatu, robo ya hipsi ni 10 na nusu. Tofauti ni inchi 2 na robo tatu, na hicho ndicho kitambaa unachotakiwa kukiondoa katika kila robo ya sketi. Wengi wanakiondoa chote ubavuni, ndiyo maana sketi zao zina nundu mbavuni na mgongoni zimesimama mbali na mwili. Kigawe: inchi 1 na robo ichukuliwe na mviringo wa ubavu, inchi 1 na nusu iliyobaki iwe dati mbili za robo tatu kila moja. Dati za nyuma ziwe ndefu, kama inchi 5, za mbele kama 3 na nusu, kwa kuwa tumbo linajaa juu kuliko makalio.

Dati shona kutoka upande mpana kwenda kwenye ncha. Ukikaribia ncha, mishono michache ya mwisho iende sambamba na mkunjo kabisa, karibu uzi mmoja tu wa kitambaa, kisha uache nyuzi ndefu uzifunge kwa mkono. Usirudishe mashine nyuma kwenye ncha. Inatengeneza kichuguu kinachoonekana nje. Pasi yake ipigie juu ya taulo lililokunjwa, si juu ya meza bapa, maana umetoka kuumba mviringo.

Zipu iweke sketi ikiwa bado imelala, ubavu haujafungwa. Umeshaona kwenye shati kwa nini. Kwa sketi zipu ya sentimita 20 inatosha. Unga vipande viwili vya nyuma: kuanzia chini mpaka pale zipu itakapoishia shona kwa mshono wa kawaida na uimarishe, kutoka hapo kwenda juu shona kwa mishono mirefu ya muda. Fungua akiba upige pasi. Laza zipu juu ya akiba, uso wake ukitazama chini, meno yakiwa juu ya mstari wa mshono barabara. Ishikize kwa bandi, mishono mirefu ya muda, za mkono, kisha mashine, upande mmoja chini kwenda juu na upande wa pili vilevile chini kwenda juu. Ukipanda upande mmoja na kushuka mwingine, kitambaa kinasukumwa na zipu inakuwa na mawimbi. Mwisho fumua ile mishono ya muda, na zipu iko katikati sawasawa.

Mkanda wa kiuno uliokamilika kwa inchi 1 na robo unakatwa upana wa inchi 3 na nusu: mara mbili ya upana wake, na nusu inchi ya akiba kila upande. Urefu ni 31 ya kiuno, 1 ya kupandana kwa kishikizo, 1 ya akiba za ncha, jumla 33. Bandika gamu, kile kitambaa cha kugandisha kwa pasi ili mkanda usimame. Gamu ijaribu kwanza kwenye kipande chakavu. Pasi ikizidi moto inatokeza kwa nje kama madoa ya uji.

Ubavuni acha akiba ya inchi nzima. Mafundi wa huku hufanya hivyo siku zote na wana haki: mtu ananenepa, mtu anajifungua, nguo inapita kwa mdogo wake. Nguo isiyo na akiba haina mwaka wa pili.

Blauzi, kwa ajili ya shingo na mkono

Shingo ya mviringo imalizie kwa kipande cha ndani kilichokatwa kwa umbo lilelile la shingo, upana wa inchi 2 na nusu, chenye gamu. Uzuri uguse uzuri, shona, kisha chanja akiba kwa ncha ya mkasi kila baada ya nusu inchi bila kuufikia uzi. Mviringo usipochanjwa haugeuki. Sasa hatua ambayo inarukwa sana: sukuma akiba yote upande wa kipande cha ndani, na kwa nje shona mstari mmoja juu ya kipande hicho pamoja na akiba, milimita 2 kutoka kwenye mshono. Mstari huo hauonekani ukivaa, lakini ndio unaokizuia kipande cha ndani kisichungulie shingoni. Na kama blauzi haina zipu wala kifungo, pima kichwa cha mvaaji kabla ya kuchora shingo.

Mkono ndio nilioutakia zile namba za shati. Kilele cha mkono huwa kirefu kuliko tundu lake, ili kifuate mviringo wa bega. Kwa kitenge, ambacho ni kikavu na hakikubali kubanwa, ziada isizidi inchi 1. Ukizidisha utapata vikunjo begani hata ufanyeje. Shona mistari miwili ya mishono mirefu kwenye kilele tu, vuta kidogo kidogo mpaka kilele kijikunje kama kikombe bila rinda hata moja, kisha kipige mvuke wa pasi kibaki na umbo hilo.

Weka alama kwa ncha ya mkasi wakati wa kukata: moja mbele, mbili nyuma, moja kileleni. Mikono miwili iliyokatwa kwa paterni moja, yaani kielelezo kimoja cha kukatia, inafanana sana ikilala mezani, na alama hizo ndizo zitakazokuambia upi ni wa kulia. Unga kilele na bega ubavu ukiwa wazi, kisha funga ubavu na mkono kwa mshono mmoja kama ulivyouona kwenye shati.

Msimu wa korosho ukifika, Oktoba mpaka mwisho wa mwaka, baraza la fundi linajaa. Watu wana fedha mkononi, na likizo ya Desemba huleta sare za shughuli za unyago, ndugu wote kitenge kimoja. Wanafunzi wenzangu wengine hukimbia wakati huo kwa kuwa wanapewa mapindo na vifungo tu. Wewe kaa. Omba upewe mikono. Kuunga mikono ya mshono mmoja, kitambaa kimoja, saizi za shangazi, mama na mabinti, kunakufundisha jicho la kilele kwa namna ambayo darasani haipatikani, kwa sababu darasani unaunga mmoja kisha mnahamia somo lingine.

Gauni lenye bitana

Sasa kitoe kile kitenge sandukuni. Lakini usikikate bado. Nunua shuka la mtumba, kata gauni lote kwenye shuka, lishone kwa mishono mirefu, limvalishe mwenyewe. Mikunjo itasema: ikikingama kwenye hipsi au kifuani, pamebana, ikining'inia wima, kitambaa kimezidi, tundu la mkono likibaki wazi mbele, linataka dati ya kifuani. Chora mabadiliko juu ya shuka likiwa mwilini, lifumue, na vipande hivyo ndivyo paterni yako. Fundi wangu hukata moja kwa moja kwenye kitenge kwa sabuni na futi, na vipande vinakutana. Miaka yote aliyokata iko kwenye mkono wake. Mwanafunzi anahitaji shuka.

Kitenge huwa na upana wa inchi 45 hivi. Kitandaze chote sakafuni kabla ya kuweka paterni. Ndege wakiwa na vichwa juu, wawe na vichwa juu kwenye kila kipande, hata kama utatumia kitambaa zaidi. Angalia maua makubwa yasiangukie mawili kifuani sambamba, na ua la katikati likae katikati ya mwili. Ukitumia kanga, panga kwanza pindo litaangukia wapi, ndipo upange mengine.

Gauni lisilo na mikono, lenye zipu mgongoni, linawekewa bitana hivi kwa sehemu ya juu. Shona mabega ya kitenge, shona mabega ya bitana. Ubavu uache wazi, na mgongo pia. Weka uzuri uguse uzuri, shona shingo yote, shona matundu yote mawili ya mikono. Punguza akiba, chanja mviringo. Kisha ingiza mkono wako kutoka mbele, kupitia njia nyembamba ya bega kati ya kitenge na bitana, shika nusu ya mgongo uivute itokeze mbele. Fanya hivyo upande wa pili. Nguo inageuka yenyewe, shingo na mikono imekamilika, hakuna akiba inayoonekana. Ndipo ufunge ubavu: kitenge kwa kitenge na bitana kwa bitana, kwa mshono mmoja unaopita kwapani. Ungefunga ubavu kwanza, nguo hiyo isingegeuka.

Sketi yake iunge kiunoni, kitenge kwa kitenge, kisha zipu, kisha bitana iiegemee zipu kwa mishono ya mkono.

Upindo usiupinde siku hiyo. Litundike gauni usiku kucha, na kama sketi imekatwa duara au mshazari, yaani kwa kukingama nyuzi za kitambaa, liache hata siku mbili, kwa sababu sehemu zilizo kwenye mshazari hushuka kwa uzito wake na zingine hazishuki. Likishatundikwa vya kutosha, mvaaji avae na viatu vyake vya siku ya shughuli, asimame wima, asiangalie chini. Wewe ndiye uzunguke na rula, ukipima kutoka sakafuni na kuweka pini kila baada ya inchi 3. Bitana ikate iwe fupi kwa inchi 1. Pinda kwa mkono, sindano ikichukua uzi mmoja tu wa kitenge kila mara ili nje pasionekane kitu, usiukaze uzi, na kila baada ya inchi 3 au 4 funga fundo dogo kwenye upindo, ili uzi ukikatika mahali pamoja, siku ya ngoma au kwenye kupanda bajaji, upindo mwingine wote ubaki umeshika.